Ngumi Iliyoinusuru Gaterul

Ukitaka kuijua historia ya Gaterul, klabu ya soka ya mji mdogo wa Pietrișu, usihangaike kutafuta makombe. Waambie wazee wafungue vinywa. Mapengo yote yamo humo, kila moja na msimu wake.

Klabu ilianzishwa na wapasua mbao wa kiwanda cha mji baada ya vita, na mechi ya kwanza iliisha kwa kipa wa wageni kupelekwa hospitali juu ya mkokoteni wa magogo. Msimu mmoja tu walipanda ligi ya taifa, wakashushwa baada ya mashabiki kumtumbukiza refa mtoni mwezi wa Novemba. Kisha serikali ya zamani ikaanguka, kiwanda kikafungwa, misumeno ikauzwa kama vyuma chakavu, na vijana wakaenda Italia kuwajengea watu nyumba. Ikabaki timu. Ligi ya jimbo, kondoo uwanjani siku za wiki, ngumi Jumapili.

Chama cha soka cha jimbo kilipochoka kikatoa neno la mwisho: refa akiguswa tena Pietrișu, hata kwa kupanguswa vumbi, Gaterul inafutwa. Nahodha Leontin Hurduc, beki mwenye shingo kama kisiki, alikosa usingizi tangu siku hiyo. Babu yake alicheza pale. Baba yake alivunjwa mguu pale. Yeye mwenyewe siku nyingine zote alikuwa dereva wa lori la magogo, wa kuamka na baridi na kulala na uchovu; Jumapili tu ndiyo alikuwa mtu mwenye jina.

Shida ilikuwa mzee Pompiliu, mchinja nguruwe wa mji, ambaye ndiye aliyemshika miguu yule refa wa mtoni. Na Pompiliu alikuwa nashu wa Leontin: ndiye aliyemsimamia ndoa na kuwabeba wanawe kwenye ubatizo. Nashu hajibiwi. Unambusu mkono, unampelekea keki ya Pasaka, na akisema theluji ni nyeusi, unamuuliza kama ni nyeusi sana. Kumpiga nashu? Afadhali umpige kasisi, kasisi huhamishwa.

Siku ilipokuja timu ya Lunca, mahasimu wa upande wa chini wa mto, Leontin alimfuata Pompiliu kwenye uzio kabla ya mechi.

"Nashu, leo tulia. Nakuomba."

"Mimi? Mimi nimekuja kula mbegu za alizeti tu, mwanangu."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Mwaka jana zilikuwa mbovu."

Mechi yenyewe ilikuwa ya kuchinjana. Mshambuliaji wa Lunca, jitu lenye nywele nyekundu, alimpasua Leontin pua kwa kiwiko kabla jasho halijatoka. Leontin akangoja kona ya kwanza, akamkanyaga kifundo mpaka kikalia. Kipa wa Gaterul alipigwa goti la mbavu, akatapika nyuma ya goli, akafuta mdomo, akarudi langoni. Refa, kijana mwembamba anayefundisha kemia, alipuliza kipenga hadi midomo ikabadilika rangi.

Mwishoni, bado hakuna bao, beki mmoja wa Gaterul akamvuta lile jitu kwa nywele ndani ya boksi. Penalti.

Alizeti ziliacha kutafunwa. Ukisikia kimya hicho Pietrișu, tafuta pa kujificha. Pompiliu aliruka uzio kama mbuzi, akang'oa kibendera cha kona na mti wake, na nusu ya jukwaa nyuma yake. Refa aliganda na mpira kwapani. Leontin akakimbia kusimama katikati.

"Rudi, nashu! Wataifuta timu!"

"Waifute! Nipishe."

"Nakubusu mkono, nashu, rudi!"

"Utaubusu baadaye. Sasa hivi mkono una kazi."

Leontin akamkumbatia kiunoni. Mzee akampiga kichwa, palepale puani palipopasuka, na dunia yote ikawa nyekundu. Mti wa kibendera ulipopanda juu ya kichwa cha refa, Leontin alirusha ngumi. Si ya kutisha wala ya kusukuma. Ngumi kamili ya mtu anayepakia magogo. Taya ikalia. Pompiliu akaketi kwenye nyasi, akatema damu na jino, akamtazama kama mtu aliyeng'atwa na kikombe chake cha chai.

Uwanja ukasimama. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Kampiga nashu wake!"

"Mbele za watu!"

"Mshenzi! Mshikeni!"

Nani sasa alikuwa na habari na refa? Walimwangukia Leontin, binamu zake wakiwa mbele. Buti zilimwingia mgongoni, mapajani, mbavuni. Kati ya miguu yao aliona soksi nyeusi za refa, safi, hazijaguswa. Kila teke lililompata yeye lilikuwa halimpati yule. Basi akawa anawaombea wasichoke.

"Inatosha, jamani," mmoja akasema akihema.

Leontin akainua kichwa. "Mama yako ana pumzi kuliko wewe!"

Wakaanza upya.

Polisi wa mji alipowatawanya kwa rungu, refa alikuja na kadi nyekundu. "Umempiga mtazamaji. Nje."

"Na wewe? Umeguswa?"

Refa akajipapasa kama aliyesahau kuwa ana mwili. "Mimi? Hapana."

Leontin akacheka, mbavu zikamchoma, akacheka tena. Akatoka kwa kutambaa. Nyuma yake penalti ikapigwa, ikaingia. Pompiliu alikuwa ameegemea uzio, ameshika taya kwa kofia.

"Mlangoni kwangu usikanyage tena."

"Sawa, nashu."

"Na neno hilo litoe mdomoni mwako."

Leontin akafungua kinywa, asipate jina jingine la kumwita. Mpira uliwekwa katikati ya uwanja. Gaterul wakaanza tena: pungufu, wamefungwa, na hai.