Kibati Namba Tisa

Mimi sijawahi kumsahau mtu majini. Miaka miwili na nusu napeleka wageni kwenye mwamba wa matumbawe, sijasahau mtu, sijasahau pezi la kuogelea, sijasahau hata kandambili ya mtoto. Wenzangu wana misuli, mimi nina kichwa.

Maneno hayo niliyasema Jumamosi asubuhi mbele ya wageni tisa waliopangwa kwenye benchi la boti, wamevaa majaketi ya kuokolea, wametulia kama mayai kwenye trei. Niliyasema kwa sauti. Kufikia saa saba mchana nilikuwa mwongo.

Watu wanaosimulia kisa hiki wanasema Redio aliona aibu. Redio ndiye mimi. Nilipewa jina hilo kwa sababu sizimiki. Basi niwasahihishe. Aibu ilikuja mwishoni kabisa, imechelewa kama mgeni wa heshima. Kilichotangulia kilikuwa hasira. Nilimkasirikia kila mtu mwenye pua, na nitawaeleza kwa nini.

Kwenye boti yetu, karibu na usukani, kuna ubao wenye misumari kumi na miwili. Kila msumari una kibati chenye namba, upande mmoja mwekundu, upande wa pili mweupe. Mgeni akiingia majini anageuza kibati chake kiwe chekundu. Akirudi, kabla hajagusa taulo, kabla hajaomba maji ya kunywa, anakigeuza kiwe cheupe. Yeye mwenyewe, si mwingine. Mama Bosi, mwenye boti na duka la vifaa, ana msemo wake: mkono uliolowa ndio unaogeuza. Kauandika kwa rangi juu ya ubao, kauandika ukutani ofisini, na siku akifa nadhani atataka uandikwe kaburini. Baada ya vibati, nahodha anahesabu vichwa kwa sauti. Ndipo nanga inapanda.

Nahodha ni Mjomba. Si mjomba wa kuitana tu, ni mdogo wake mama, tumbo moja. Nilipomaliza shule nikakaa nyumbani mwaka mzima nikihesabu mabati ya paa, yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa Mama Bosi. Alisema, nami nimesimama hapo hapo nikijifanya sisikii, "Huyu ana mdomo, lakini ana akili. Akikosea huyu mpwa wangu, ujue nimekosea mimi." Mama Bosi akasema, "Nitakukumbusha."

Sasa, kazi ya kuwaeleza wageni usalama ni yangu, kwa sababu ya huo huo mdomo. Jumamosi ile niliwaeleza vizuri kuliko siku zote. Miwani ya kuzamia unaitemea mate ndani, usione kinyaa, mate ni yako. Matumbawe hayakanyagwi wala hayashikwi. Ni viumbe hai, na yanakata kuliko wembe. Kila mtu na mwenzake, wawili wawili, kama ndoa, ila hii msiachane. Ngumi juu ya kichwa maana yake niko salama. Mkono mmoja juu, unapunga polepole, maana yake njoo unichukue. Mkondo ukikusukuma usishindane nao, tafuta boya ulishike, kisha upunge.

"Na msinipungie kwa mbwembwe kama mnaaga harusi," nikawaambia, "mtanifanya nije na maua."

Wakacheka wote, isipokuwa mama mmoja mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, ambaye alikuwa anarudia ishara kwa mkono wake kimya kimya. Ngumi kichwani. Mkono juu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, amestaafu. Kibati chake kilikuwa namba tisa. Na watu tisa, kama mnavyojua, hawagawanyiki kwa mbili. Wa tisa alikuwa wangu.

"Wewe ndiye mwenzangu?" akaniuliza.

"Hadi kifo kitutenganishe, Mwalimu," nikamjibu.

Heri ningejing'ata ulimi siku ile.

Kulikuwa na msichana wa chuo ambaye miwani yake ilikuwa inavuja. Au alisema inavuja. Niliikaza, nikaifungua, nikaikaza tena. Tukapanda kwenye boti nikamtafutia nyingine. Hiyo nayo ikawa haimkai. Kazi ya dakika mbili ikachukua ishirini, na sikuona sababu ya kuharakisha. Mwalimu nilikuwa nimemwacha anaelea juu ya bustani ya matumbawe, uso majini, mrija wa kupumulia juu, ametulia. Nikajisemea, huyu hana shida.

Kisha upepo ukageuka na bahari ikaanza kunyanyuka. Mjomba akawasha injini kuijaribu, ikatoa moshi mweusi. Akafungua kifuniko, akaingiza kichwa ndani, akanipigia kelele: "Wapandishe wote!" Nikapuliza filimbi. Wageni wakaja mbio, wakapanda wanatetemeka, wakasongamana mbele ya ubao, huyu kamkanyaga yule kwa mapezi, boti inayumba. Nikawaambia, "Kaeni, kaeni, jamani, nitawageuzia mimi." Nikapitisha mkono kwenye ubao kama mtu anayegeuza karata. Tap, tap, tap, vyote vyeupe. Mkono wangu ulikuwa mkavu.

Mjomba akauliza kutoka kwenye injini, hata hakuinua uso. "Wote?"

"Wote, Mjomba. Nimehesabu."

Na kweli nilihesabu. Nilihesabu vibati. Vilikuwa vyeupe vyote tisa, kwa sababu aliyevifanya vyeupe ni mimi.

Tulipokuwa tunaondoka, kule mbali kwenye boya la boti jirani, washindani wetu, ambao boti yao ilikuwa upande wa pili wa mwamba, kulikuwa na mtu majini anatupungia. Majaketi yao ni ya rangi ya machungwa kama yetu. Nikaona heri nionyeshe kwamba sisi hatuna kinyongo na washindani. Nikavua kofia yangu ya njano, nikampungia nayo, nikainama kama mwigizaji jukwaani mbele ya watazamaji wake. Wageni wakacheka. Msichana wa chuo akacheka zaidi ya wote.

Niligundua nilipokuwa nasuuza vifaa kwenye pipa la maji baridi. Mirija ya wageni, minane. Nikahesabu tena kwa kidole. Minane. Nikainua kichwa niseme, na kabla mdomo haujafunguka nikaona boti ya jirani inaingia kwa kasi, na nahodha wao amesimama mbele akipiga kelele ufuo mzima usikie.

"Nyie! Mmesahau mzigo!"

Walimshusha Mwalimu wamemshika kwapa. Midomo ilikuwa ya bluu, macho yamevimba kwa chumvi hata hayafunguki sawasawa. Alitapika maji mara mbili mchangani, akafunikwa taulo, akapelekwa zahanati. Mimi nilikuwa nyuma ya mashine ya kujazia mitungi hewa, kofia nimeikunja mfukoni, nasikiliza yule nahodha akimwambia Mjomba, "Mzee mzima, miaka yote hiyo baharini, tisa inakushinda kuhesabu?"

Mjomba hakujibu. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Jibu basi! Sema, "Mpwa wangu aliniambia wote." Mtukane mtu. Lakini alisimama tu, mikono imejaa grisi, anatazama mahali Mwalimu alipotapika.

Kesho yake Mama Bosi alituita ofisini. Ofisi yenyewe ni stoo: suti za mpira zimening'inia ukutani kama watu waliotolewa mifupa, mapezi yamepangwa kwa saizi, harufu ya raba na chumvi. Tulikuwa watatu mbele yake: Mjomba, mimi, na mjaza mitungi, ambaye hakuhusika na kitu ila hakuwa na pengine pa kukaa. Ubao wa vibati ulikuwa mezani. Mama Bosi alikuwa ameung'oa kwenye boti kwa mikono yake mwenyewe, skrubu zimetapakaa.

"Nani aligeuza tisa?" akauliza.

Mjomba akatazama grisi kwenye vidole vyake.

"Nimeuliza kwa Kiswahili. Kibati hakina miguu. Yule mama alikuwa majini, kibati chake kiko cheupe. Nani aligeuza?"

"Pengine aligeuza mwenyewe kabla ya kuingia," nikasema. "Wageni wenyewe hawasikilizi. Unaongea hadi koo linakauka, mtu anafuata samaki. Nilisema watu wasiende mbali! Nilisema! Mtu mzima anaambiwa abaki na wenzake, anaenda boya la watu, halafu lawama ni zetu? Tumchunge kama kuku?"

Nilikuwa napiga kelele. Nilipiga na meza, vibati vikaruka. Na mnisadiki, haikuwa maigizo. Nilikuwa na hasira ya kweli, damu inachemka mpaka masikioni. Nilimchukia Mwalimu kwa kuelea vibaya. Nilimchukia Mama Bosi na misemo yake. Niliichukia ile injini.

"Redio," Mama Bosi akasema, "zima."

Nikazima.

Akamgeukia Mjomba. "Na wewe. Vichwa vinahesabiwa na nani?"

"Na mimi."

"Ulihesabu?"

"Sikuhesabu."

"Kwa nini?"

Mjomba akafungua mdomo. Nikaona kwamba neno lipo pale, limefika kwenye meno. Akanitazama mara moja, akafunga mdomo. Kisha akasema, "Ilikuwa kazi yangu. Sikuhesabu. Basi."

Hakuna kinachoudhi duniani kama mtu anayekusitiri. Angenisema, ningekuwa na la kubisha, tungegombana kama watu na ingekwisha. Lakini alinifunika na shuka lake mbele ya watu, nami nikawa nalala chini yake kama mgonjwa, nimekasirika, na sikulitupa.

"Angekufa," Mama Bosi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilitisha kuliko ilipokuwa juu. "Angekufa, mimi ningekwenda kwa watoto wake kuwaambia nini? Kwamba kibati kilikuwa cheupe? Sikuweki tena kwenye usukani. Ukitaka kuosha boti, ioshe. Kuiendesha, hapana. Leta ufunguo."

Ufunguo wa boti unafungwa kwenye kipande cha mti mwepesi ili ukianguka majini uelee. Mjomba alikichonga mwenyewe mwaka aliokabidhiwa ile boti. Akautoa mfukoni, akauweka mezani juu ya vibati, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Nilikuwa na nafasi. Sitawadanganya. Kati ya ufunguo kugusa meza na mlango kugongwa, kulikuwa na muda wa kutosha kusema sentensi mbili. Nilizipanga hata. Kisha mlango ukagongwa.

"Hodi."

Ni Mwalimu. Alikuwa amevaa gauni la kawaida na miwani yake ya macho, pua imebabuka kwa jua, saa kubwa mkononi. Alikuwa ameshika pezi moja.

"Nimerudisha mali yenu," akasema. "La pili lilichukuliwa na maji. Samahani."

"Mama yangu, unatuomba samahani sisi!" Mama Bosi akanyanyuka na kumpa kiti chake. Hakukaa. Alikuwa anautazama ule ufunguo mezani, halafu Mjomba, halafu ukuta wenye msemo.

"Mnamfukuza huyu?"

"Ndiye nahodha. Alipaswa kukuhesabu."

"Kweli, alipaswa. Miaka thelathini na nne nimefundisha watoto kuhesabu, hakuna siku niliyotamani mtu ajue kuhesabu kama jana." Akalilaza pezi mezani. "Dakika hamsini na mbili nimekaa kwenye lile boya. Nilikuwa na saa. Lakini nahodha hakuniona. Mlipoondoka nilichoona kwake ni mgongo, yuko kwenye usukani. Aliyeniona ni mwingine."

Mjaza mitungi akaanza kuchunguza dari.

"Nilifanya nilivyofundishwa," Mwalimu akaendelea. "Mkondo uliponichukua, boya nikalishika. Mkono mmoja nikauinua, nikapunga polepole, bila mbwembwe." Akauinua mkono pale ofisini, akapunga, na katika chumba kile kidogo ulionekana mrefu sana. "Akageuka, akaniona. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, ananijia. Akavua kofia akanipungia. Kisha akafanya hivi."

Akainama. Aliinama vizuri, mkono mmoja kifuani, mwingine umetandazwa pembeni, kama mwigizaji jukwaani.

"Nani?" Mama Bosi akauliza.

"Macho yangu ya mbali ni mabaya, na miwani yangu nilikuwa nimeiacha kwenye mkoba. Sura sikuiona. Niliona njano tu. Kofia ya njano."

Mnajua nilifanya nini? Nilicheka. "Mwalimu," nikasema, "kofia za njano mjini hapa ziko nyingi kama nzi. Hata washindani wetu..."

Mkono ukapita nyuma yangu. Mkono wa Mjomba, mzito, bado una grisi kwenye kucha. Ukaingia kwenye mfuko wangu wa nyuma, ukatoa kofia iliyokunjwa. Akaikung'uta mara moja, akainyoosha, akanivika kichwani kwa mikono miwili, akaiweka sawa, kama alivyonivika kofia ya shule siku ya kwanza. Alinishika mabega, akanigeuza uso kwa Mwalimu.

Mwalimu akasogea karibu, akaisukuma miwani yake juu ya pua iliyobabuka.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mwenzangu."