Zote Mbili

Daktari aliwaambia Mama na watoto wake wawili kwamba Mama angeamshwa katikati ya upasuaji ili azungumze. Uvimbe ulikuwa umekaa ubongoni, jirani na mahali pa maneno. Kabla ya kukata popote, angepagusa kwanza kwa kijiti cha umeme. Mama akikwama kusema, kisu kisingepita hapo. Lakini lugha mbili huweza kukaa vyumba tofauti, na ile isiyojaribiwa yaweza kukatwa pasipo mtu kujua.

"Basi jaribuni Kiswahili," alisema kaka mkubwa. "Ndicho kinachomlisha. Ile ya nyumbani kwetu hata benki hawaijui."

Mama alikuwa fundi cherehani, na maneno aliyapima kama kitambaa. "Wewe nilikubembeleza kwa lugha ya benki?" Kisha akamgeukia daktari. "Zote mbili."

Alihitajika ndugu wa kukaa naye chumbani. Kaka mkubwa akainamia viatu vyake. Kitindamimba, binti wa mwisho, akajikuta anasema ataweza. Walipofanya mazoezi ya picha, Mama alitaja kila kitu kwa lugha ya nyumbani, na binti akawa anaitikia kwa kichwa, kumbe nusu ya majina yalimpita. Aliona haya. Mtu mzima huulizaje ngazi inaitwaje nyumbani kwao?

Sasa alikuwa ameketi kwenye kigoda, barakoa usoni, uso kwa uso na Mama. Nyuma ya pazia la kijani vyuma viligongana taratibu. Kiswahili kilipita salama. Ikafika zamu ya ile lugha nyingine. Mkasi, Mama akataja. Ndoo; akataja. Ngazi. Mama akasita, akatoa neno.

"Ni lenyewe?" daktari aliuliza.

Kitindamimba akaitazama picha ya ngazi mapajani mwake. Akisema ndiyo na kumbe silo, kisu kingepita juu ya lugha ya mama yake, na ruhusa angekuwa ameitoa yeye. Ndiyo ilikuwa imeshafika mdomoni.

"Sijui," alisema. "Nilikudanganya, Daktari. Maneno mengi siyajui."

Daktari hakumkaripia. Alimuuliza ni kitu gani cha lugha hiyo anachokijua chote, mwanzo hadi mwisho, bila shaka.

Kilikuwepo kimoja. Kila alfajiri, kabla ya kukanyaga cherehani, Mama aliomba kwa sauti, maneno yale yale, na mtoto wake wa mwisho akiwa amelala chini ya meza ya kukatia, juu ya mabaki ya vitambaa. Hakuna aliyemfundisha. Yalimwingia tu, kama vumbi la nyuzi.

Akaanza. Mama akapokea. Asante kwa macho haya. Asante kwa mikono hii. Walinde walio njiani. Binti alitangulia, mama akafuata, mstari kwa mstari, mpaka midomo ya Mama ikachezacheza bila sauti. Macho yakamtoka.

"Amekwama. Hapo huwa anatuombea sisi, kwa majina," Kitindamimba alisema.

Kijiti kikaondolewa, kikarudishwa. Mama akakwama tena palepale. Daktari akataka aulizwe kwa Kiswahili ana watoto wangapi, na kijiti kikiwa bado hapo akajibu bila shida: wawili, na mmoja wao ni mkaidi.

"Basi chumba cha lugha hiyo ni hiki," daktari alisema. "Nikipaacha, kipande cha uvimbe kinabaki. Itabidi tupambane nacho kwa dawa. Aliniambia zote mbili. Ni hivyo bado?"

Kitindamimba alifumba macho. Mungu wangu, usiniache niseme langu. "Ndivyo alivyosema."

Kijiti kikaondoka. Mama akaendelea alipoachia, akawataja wanawe, mkaidi akiwa wa kwanza. Alipofika amina, aliitazama ile picha mapajani mwa binti yake. Akalirudia lile neno la ngazi, polepole, kisha akasubiri.

Kitindamimba akalisema.

"Siyo hivyo," alisema Mama. "Tena."