Bi Badriya Hauzi

Wenye fleti wote wa lile jengo la mtaa wa Al Mankhool, huko ughaibuni, walikuwa wamekubali kuliuza kwa pamoja, isipokuwa Bi Badriya, mjane wa Kizanzibari wa ghorofa ya tatu. Shakir, muuza viungo wa asili ya Mombasa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, kwa hiyo alitumwa akamlainishe. Akaenda na Raed, dalali wa mnunuzi.

Bi Badriya aliwapa kahawa na halua, akawasikiliza, kisha akamgeukia Raed na kumpa vidonge vyake. "Aliyekutuma mwambie mimi si gunia la kubebwa!"

Simu ya Raed ikatetemeka, akanyata akatoka nje. Bi Badriya hakunyamaza. Alikigombeza kile kiti kitupu, akakinyooshea kidole, hata akakiuliza, "Na kahawa yangu mbona huinywi?"

Shakir alianza kucheka, akaacha. "Bi Badriya," akasema taratibu, "Raed ametoka zamani."

Kidole kikashuka polepole.

"Macho yananiaga, mwanangu," alisema. "Humu natembea kwa mikono, kila ukuta naujua. Huko kwengine nitajigonga mchana kutwa. Na ukimwambia mtu, mimi na weye basi!"

Mkutanoni wenye fleti wenzake Shakir walikuwa wamepandisha mori. Mmoja hawezi kuwakwamisha wote, walisema, ashitakiwe, khalas. Shakir alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Alipoufungua tena alisema, "Basi na mimi siuzi, mpaka apatiwe pa kuishi panapomfaa yeye."

"Mwenyekiti karogwa!" mtu akapiga kelele.

Siku ya pili Raed akaja dukani kuuliza panapomfaa ni wapi. Shakir akamweleza: jiko liwe kulia ukiingia, choo kitazamane na chumba cha kulala, mlangoni pasiwe na kizingiti.

"Na swichi za taa zikae wapi?" Raed akamkejeli.

"Swichi hazina haja," Shakir akasema, akajing'ata ulimi.

Raed alihangaika hadi akaipata fleti ya namna hiyo nyuma ya barabara ya Al Rigga, mnunuzi akakubali kubadilishana, na wote wakatia sahihi. Siku ya kuhamia, Bi Badriya aliupapasa mwimo wa mlango, akaenda moja kwa moja jikoni na kuteleka birika. Majirani waliomsindikiza wakamsifu kwa kukubali hatimaye.

"Mimi ningeuza zamani," akawajibu kutoka jikoni. "Si huyu Shakir aliyetuchelewesha na ukaidi wake!"

Wote wakamgeukia Shakir. Akashuka kwenda kuleta zulia.