Upande Wangu wa Jani

Miezi minne nilikuwa nafua mashuka pale nyumba ya wazee, na niwaambie ukweli, mkojo wa Kimarekani unanuka kama mwingine wowote. Nilichotaka ni kuhamia jikoni. Msimamizi wa jikoni ni Luz, mama wa Kifilipino, na alikuwa anatafuta mtu wa kuanza Jumatatu. Sikumwambia. Kiingereza nakielewa, ila shule niliacha darasa la tano, na nikikizungumza naona haya. Aliyenisemea kila kitu ni Bilha, Mkenya tunayefua naye. Na Bilha naye jikoni alikutaka.

Jumapili mchana Luz alitualika kwake, Riverdale Park. Meza nzima kaitandika majani ya mgomba. Katikati tuta la wali, juu yake samaki wa kukaanga, kamba wakubwa, mayai, maembe mabichi. Sahani hakuna, kijiko hakuna, hata viti kaviondoa.

"Sundus, nguruwe nimemweka kule mwisho kwa mwanangu Ryan," Luz aliniambia. "Huyo motoni anakwenda hata bila nguruwe."

"Kwani hawa wameuza sahani?" Bilha akaninong'oneza, akatoa mkobani glovu mpya za kazini, zile tunazoshikia mashuka, akavaa.

Mie nilifurahi. Kula kwa mkono ndiyo shahada yangu pekee. Lakini kwetu Pemba sinia lina adabu zake: unakula mbele yako, na kitoweo mwenyeji anakusogezea. Mbele yangu palikuwa na wali na matango. Nikala wali na matango, nikangoja kusogezewa samaki.

Hakuna aliyesogeza. Mkono wa Ryan ulipita chini ya pua yangu ukaondoka na kamba watatu. Bilha, na glovu zake, alishamaliza samaki wawili. Nikaendelea kungoja kama bibi harusi.

Luz akaniona. "Huyu mbona anakula matango tu? Chakula changu kibaya?"

"Hapana, ameshiba," Bilha akamjibu haraka. "Huyu hana mambo mengi. Hata kazi, yeye ni kufua tu. Ukimtoa kwa mashuka atalia."

Luz akatikisa kichwa kwa huruma, akamgeukia Bilha. Nikajua swali lake linalofuata ni la jikoni, na halikuwa langu.

Samaki alibaki mmoja, mbele ya Bilha. Nikapitisha mkono kifuani pake nikamvuta samaki mzima, mafuta yakamchuruzikia Bilha kwenye blauzi.

"Sijashiba," nikasema, Kiingereza kinatoka vipande vipande. "Nataka samaki. Nataka na jikoni. Mashuka, basi."

Ryan akaacha kutafuna.

"Haki ya nani!" Bilha akasema. "Na blauzi ni ya kanisa!"

Luz hakumtazama. "Miezi minne naambiwa unayapenda mashuka."

"Nani anapenda mashuka?"

Akacheka mpaka akashika meza. Halafu akakunja uso. "Jikoni kwangu kuna kelele. Kitunguu kikikuishia, utaita, au utangoja mtu akuitie?"

"Nitaita."

"Ita sasa."

"Kitunguu," nikasema.

"Wazee wameshakufa kwa njaa. Ita!"

"KITUNGUU!"

Wali ukanitoka mdomoni ukatua shatini kwa Ryan.

"Jumatatu," Luz akasema, "saa kumi na moja alfajiri. Na usije na chakula mdomoni."