Dole Gumba la Babu

Mama yangu alimjua baba yake kwa saini tu. Babu alifariki mama hata kukaa hajaweza; bibi akaolewa mji mwingine, na habari za upande ule zikakatika kama uzi mbovu. Kilichobaki ni cheti cha kuzaliwa, na chini yake jina la babu kwa herufi kubwa kubwa zilizoinama kama watu wanaosukuma gari.

"Nina miaka sitini na sita," mama aliniambia siku moja nikimpima gauni, "na sijawahi kumwita mtu shangazi. Wewe si ulisoma? Nenda kanitafutie watu wangu."

Mimi ni fundi cherehani. Maandishi niliyoyazoea ni ya kwenye futi ya kupimia. Lakini mama akishasema, amesema. Nikafunga duka, nikaenda ofisi ya kumbukumbu.

Mtunza kumbukumbu, mzee mfupi ambaye wenzake walimwita Bwana Vumbi, alikisoma cheti, akapotea kati ya makabati, akarudi na daftari la ndoa lililomziba uso. Alifunua taratibu mpaka kidole chake kikatua.

"Hawa hapa. Bibi yako amesaini. Babu yako ameweka dole gumba."

"Basi siye. Babu yangu alijua kuandika, saini si hiyo?"

"Jina lake ni hili, la baba yake ni hili, na la mkewe ni hili. Ila ndoa imetangulia cheti kwa miezi kumi na minane." Alinitazama juu ya miwani. "Mwanangu, miezi kumi na minane ni mingi. Mtu hujifunza."

Yeye alikwishainuka, mbio kama kijana aliyeitwa kula, akaleta daftari la madarasa ya jioni ya watu wazima. Tulitafuta mpaka shingo zikauma. Halafu tukamwona: kazi yake, mpakia mizigo. Mbele ya jina lake mwalimu ameandika: "Husinzia. Hajakosa hata siku moja."

Kwenye mstari wa chini yake palikuwa na msichana wa miaka kumi na saba, jina la baba lile lile, nyumba ile ile. Mwalimu: "Ana akili. Anaongea mno."

"Ana dada!" nilipiga kelele, na karani wa meza ya pili akamwaga chai.

Jumamosi nilimchukua mama tukaenda mtaa ulioandikwa daftarini. Namba za nyumba zilikuwa zimebadilishwa, tukamuuliza fundi viatu wa pale kona.

"Yule bibi wa maneno mengi? Mlango wa bluu," alisema. "Lakini mmeaga kwenu? Ukiingia pale, kutoka ni majaliwa."

Alitufungulia bibi mdogo kama kiganja, wa miaka themanini na kitu. Mama alitoa cheti mkobani, akampa. Bibi alikisogeza dirishani, akapitisha kidole juu ya saini.

"Mkia wa herufi hii nilimfundisha mimi," alisema hatimaye. "Alikuwa akiandika kwa mkaa sakafuni. Mama yetu anafuta, yeye anaandika tena. Siku ya ndoa karani alimcheka, eti mke anasaini, mume anapaka wino. Kaka akatoka pale akaapa: mtoto wangu nitamwandikisha kwa mkono wangu." Aliinua macho, akamtazama mama kuanzia viatu hadi kilemba. "Kumbe mtoto mwenyewe ndiye wewe."

"Ndiye mimi, shangazi."

Neno lile lilimtoka mama likiwa limepasuka katikati. Wakakumbatiana pale mlangoni, wakilia na kucheka, mpaka fundi viatu akaacha nyundo kuja kuchungulia.

"Mama yako aliniandikia barua mbili, kisha kimya," shangazi alisema akijifuta. "Miaka yote hii! Haya, kaeni. La, wewe usikae. Sukari imekwisha, kimbia dukani."

Niliruka. "Bibi, ngoja niende mimi."

"Wewe tulia. Nimemtuma mtoto."

Mama, mwenye wajukuu sita na goti bovu, alikwishaweka mkoba chini. Nilimwona dirishani akivuka barabara nusu mbio, akitabasamu peke yake, na mfuko mtupu ukipepea mkononi.