Namba Nne na Mtandao Mpya

Wifi yangu si mtu wa kuomba. Tangu aolewe na kaka yangu, miaka ishirini na sita sasa, mara alizotaka msaada wangu nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vinabaki. Kwa hiyo aliponipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa hospitali ninakotunza kompyuta, nilijua kuna msiba. Hakukuwa na msiba. Alisema ile mashine imegoma kushika mtandao, na Jumamosi ana watu.

Sikuuliza mashine gani. Yeye ni fundi cherehani, mashine nyumbani kwake ni tatu, lakini moja tu ndiyo iliyowahi kushika mtandao. Ni kompyuta niliyoiunga kwa mikono yangu, na tuliiita Namba Nne.

Zamani tulikuwa na duka la intaneti, mimi na yeye. Chumba kimoja, kompyuta sita zikitazama ukuta, na kati ya mteja na mteja mapazia aliyoyashona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa, kila pazia na ua lake. Mimi nilizijua mashine, yeye aliwajua watu. Wateja walimwita Mama Dakika, maana muda wa mtu ukiisha alipita nyuma yake akagonga kiti mara mbili kwa kidole, hasemi neno, na hata aliyekuwa katikati ya barua ya mapenzi aliinuka. Ila kulikuwa na mzee mmoja, seremala mstaafu, aliyekuja kila Alhamisi kusubiri barua ya bintiye aliyekuwa ng'ambo. Huyo kiti chake hakikugongwa hata siku moja.

Kisha nikapata kazi ya hospitali, katika mji mwingine. Nilimwambia Ijumaa, Jumatatu nikaondoka. Alinipa mkono, akanitakia heri. Duka aliliendesha peke yake mwaka mmoja na nusu, hadi simu za mkononi zilipotia intaneti katika kila mfuko, akafunga. Namba Nne akaichukua nyumbani. Jambo lile hatukulizungumza tena. Tulikutana kwenye harusi na mazishi, tukaulizana hali za watoto, tukacheka, kila mmoja akarudi kwake.

Nilifika kwao Ijumaa asubuhi. Kaka yangu alinipokea mkoba mlangoni na kunieleza yote kabla sijavua viatu. Watu waliowahi kujifunza kushona kwa wifi, ambao sasa wametawanyika miji mbalimbali, walikuwa wamemwomba awafundishe kukata kola kwa njia ya video. Magoti yake hayampi tena ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo alikubali. Nyumbani wakavuta mtandao mpya, kikaja kisanduku kipya cha kuugawa, chenye taa nyingi. Simu zilishika, kompyuta ikakataa. Aliyeleta kisanduku alisema mashine ile sasa inafaa kuzuia mlango usijifunge. Kaka alilisimulia hilo akicheka, akaona uso wa mkewe, akakumbuka kwamba ana kazi bustanini.

Chumba cha kushonea kilinukia pasi na kitambaa kipya. Vielelezo vya karatasi ya kaki vilining'inia kwenye misumari, mikono upande huu, vifua upande ule. Juu ya meza ya kukatia alikuwa amekwishafunga kamera itazamayo chini. Namba Nne ilikaa chini ya dirisha, imevikwa kitambaa chenye ua la manjano. Nilikitambua kile kitambaa. Kilikuwa pazia.

Nikachomeka waya nyuma. Penye tundu la mtandao kuna kitaa kidogo cha kijani, kikiwaka ujue mashine na kisanduku vimesalimiana. Kiliwaka, kikapepesa, kikazima. Nikabadilisha waya, hali ile ile. Nikafungua ubavu wa mashine na kusoma, kwa tochi ya simu, namba iliyochapwa kwenye madabodi, lile bamba kubwa ambamo kila kitu kimechomekwa. Mtandao wa mashine hii haukuwa kadi ya kuchomoa na kutupa. Ulikuwa chipu iliyozaliwa na bamba lenyewe, huwezi kuutenga nalo.

Nilimwelezea wifi kwamba mfumo wa kompyuta ulipangwa upya mwaka jana, na draiva iliyowekwa, yaani programu inayoifundisha kompyuta kuongea na chipu ile, ilikuwa ya kubahatisha. Inahitajika yake halisi. Ila draiva iko mtandaoni, na mtandao ndio huo tunaoutafuta.

"Ufunguo umefungiwa ndani," alisema wifi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukisema dukani.

Siku hizi kuna simu. Nikaipakua kwa simu yangu, nikaihamishia kwenye flashi, nikaisakinisha. Taa ikawaka na kutulia. Wifi akafungua ukurasa wa habari, ukaja wote na picha zake. Tukatazamana. Hazikupita hata dakika nne, taa ikazima tena.

Nikarudi kwenye simu, nikasoma maelezo ya waliotengeneza bamba lile. Waliandika kwamba chipu za umri huo hukosana na visanduku vipya, na dawa yake ni kusasisha famwea, yale maagizo yaliyoandikwa ndani ya chipu yenyewe. Hiyo ni kazi ya mara moja na haitaki mzaha, kwani umeme ukikatika katikati, chipu imekufa. Nikaipakua kwa njia ile ile ya simu na flashi, nikaiunganisha mashine na betri ya akiba, nikamwambia wifi kwamba itachukua kama dakika kumi, na asiguse chochote, hata meza.

Nikabonyeza. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo. Wifi akavuta kigoda, akakaa kando yangu, mikono mapajani kama mtu aliye kwa daktari. Hapakuwa na la kufanya wala pa kwenda.

"Ulijua lini kwamba utaondoka?" aliniuliza, macho kwenye kioo.

Nilijua anauliza nini. Nikamwambia ukweli, kwamba nilijua miezi miwili kabla.

"Na mimi nilijua. Barua ya kuomba kazi uliiandika kwenye hii hapa. Hukuifuta."

Mstari ulikuwa haujafika hata robo. Nikahisi masikio yananichoma. Alinisimulia polepole, bila hasira, jinsi alivyofungua mlango wa duka kila asubuhi kwa miezi ile miwili akijiambia kwamba leo nitamwambia. Akapiga deki, akawasha mashine moja moja, nikaingia, nikamwamkia, nikachukua bisibisi yangu. Jioni ikifika alijiambia labda kesho.

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza. Akasema swali lile halikuwa lake.

"Niliogopa utaniambia nibaki," nikasema. "Na ungeniambia, wifi, ningebaki."

Alinigeukia kwa mara ya kwanza. "Nisingekuambia ubaki. Ningekushonea suti ya kazini. Kitambaa nilikwisha kununua."

Nilimwomba radhi, kwa maneno yaliyotoka vipande vipande, na yeye akaniwekea mkono gotini akaniambia nitazame mashine, isije ikafa tukiwa tunalia. Tukacheka huku pua zikituvuja.

Mstari ulifika mwisho. Mashine ikaandika kwamba kazi imefanikiwa, ikajizima, ikajiwasha. Nikainama nyuma kutazama. Hakuna taa. Nikachomoa waya, nikachomeka. Giza. Kompyuta sasa ilidai kwamba haina kabisa kifaa cha mtandao. Miaka yote hii ya kazi, nimekuja kuiua Namba Nne mbele ya mwenyewe, siku moja kabla ya darasa lake.

Wifi akasema kwa sauti ya kawaida, "Ichomoe yote. Na betri. Halafu ushike kitufe cha kuwashia hadi nusu dakika, umeme uliobaki ndani uishe. Kuizima tu hakutoshi."

Nilimtazama. Alikuwa sahihi, na mimi nilipaswa kulijua hilo. Nikachomoa yote, nikashika kitufe, yeye akahesabu. Tulipoiwasha tena, kitaa cha kijani kiliwaka kabla hata kioo hakijapata picha, na hakikuyumba.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Namba Mbili ilinifanyia vile vile, mwezi ulioondoka. Watu wamejaa, mashine imenuna, na sikuwa na mwingine wa kumwita. Nilihangaika nayo siku mbili."

Kumbe mwaka ule mmoja na nusu alikuwa amenunua daftari na kujifundisha kazi yangu yote. Alilitoa kwenye sanduku la vifungo nikalisoma. Draiva aliziita wakalimani. Modemu iliyosumbua aliiandika kwa jina la shangazi yetu mmoja, ambalo sitalitaja.

Saa nzima tuliiacha mashine ikicheza video ili tuhakikishe, na sisi tukawakumbuka watu wetu. Yule bwana harusi aliyechapa kwa kidole kimoja na kumwomba wifi amsaidie maneno matamu, kisha akaoa kwa maneno ya wifi. Dada wawili waliogombana kila wiki juu ya nani akae karibu na feni. Nikauliza habari za mzee seremala. Wifi akasema bintiye alirudi hatimaye, duka likiwa limeshafungwa, na mzee alimleta hadi nyumbani ili amwone Mama Dakika kwa macho. Kaka aliingia na matope viatuni, akauliza kama mlango umepata kizuizi. Mkewe akamwonyesha taa.

Niliondoka jioni ile kwa sababu Jumamosi ilikuwa zamu yangu. Lakini saa nne asubuhi niliufunga mlango wa ofisi na kuingia darasani kwa video pamoja na wenzangu tisa. Mmoja alituonyesha dari yake muda wote, mwingine alisahau kuzima sauti, tukamsikia akimgombeza mumewe. Wifi alifundisha saa mbili bila kukatika, mikono yake ikijaa kioo changu, mkasi ukienda taratibu kwenye kitambaa. Mimi nilikata kola yangu kwenye shuka kuukuu la hospitali. Aliitazama kwa muda, akasema mbele ya wote kwamba wifi yake abaki kwenye kompyuta.