Kipanya Alichopewa Mkwe

Pale Naryn, mji wa milimani huko Kirgizia, mgeni akikisifu kitu cha nyumba, ni chake. Kwa hiyo bibi Sonun hakusita pale Zuura, mama wa mume wa bintiye, alipokisifu kipanya kidogo cheusi chenye taa za kijani, kilicholala kando ya kompyuta mpakato ya mjukuu wake Gulzat. Kwa kuwa hakikuwa na waya, Sonun alidhani ni pambo tu.

"Chukua, mkwe wangu. Ni chako."

Gulzat alirudi kutoka kununua mkate, akakikosa kipanya, na mechi ya mtandaoni ya kuchagua timu ya mkoa ya michezo ya kompyuta ilikuwa inaanza. Akajikaza kucheza kwa vidole kwenye kompyuta yenyewe. Mara askari wake akageuka kwenye skrini, akammiminia mwenzake risasi.

"Bibi! Sijagusa! Anapiga mwenyewe!"

Jini? alijiuliza Sonun. Akachungulia chumba cha pili. Zuura alikuwa amekaa kwenye godoro la wageni, anakibofyabofya kipanya juu ya goti, anatabasamu.

"Mkwe, acha! Umeua mtu!"

Zuura akamwaga chai. "Mimi? Nani? Wapi?"

Gulzat aliingia mbio akanyoosha mkono, Sonun akaudaka: zawadi haidaiwi. Lakini Zuura alikitia kipanya kwenye kiganja cha Gulzat. "Sirudishi, nakupa wewe. Kimbia!"

Skrini ilikuwa imeshaandika: ametolewa kwa kuwapiga wenzake.

"Miezi minane ya mazoezi, Bibi," alisema Gulzat.